Kibera Ina Watu Wangapi? Uchambuzi wa Kisa cha Mhariri Mgeni na Mhariri Mkongwe

Sentensi iliyozua mzozo huu ilikuwa fupi: "Kibera ina wakazi wapatao 170,070." Haikuwa na mwaka, haikuwa na tanbihi, na neno "wapatao" likiwa mbele ya tarakimu iliyohesabiwa hadi mtu wa mwisho lilitosha kumtia shaka msomaji makini. Ilikuwa imekaa katika makala ya Wikipedia bila kuguswa, mpaka Jumamosi moja saa tano asubuhi, katika chumba cha mikutano cha maktaba moja hapa Nairobi, mmoja wa wanafunzi wangu kumi na wawili alipoifuta na kuandika mahali pake: "Kibera ina wakazi zaidi ya milioni moja." Dakika sita baadaye maneno yake yalikuwa yameondolewa.

Ninakiandika kisa hiki kwa ajili ya wanaoendesha mafunzo ya kuhariri kamusi elezo, hasa katika lugha zenye wahariri wachache, ambako mgeni na mkongwe hukutana ana kwa ana bila mtu wa katikati. Majina na vitambulisho nimeviacha. Kijana nitamwita mgeni. Aliyemtengua, yaani aliyeliondoa badiliko lake na kurudisha toleo la awali, nitamwita mkongwe, kwa kuwa historia ya michango yake ilirudi nyuma miaka mingi. Kosa kubwa zaidi katika kisa hiki si la mgeni wala la mkongwe, ni langu, na nitalifikia.

Mgeni alizaliwa Laini Saba, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, na kulelewa huko huko. Tangu utotoni alisikia kila mgeni mwenye kamera akisema kwamba mtaa wao ni mkubwa kuliko mitaa yote ya mabanda Afrika, na kwamba una watu milioni moja au zaidi. Aliposoma 170,070 alihisi kwamba watu wake wamepunguzwa kwa kalamu. Hisia hiyo haikuwa ya kitoto. Katika nchi ambayo fedha za kaunti hugawanywa kwa kuzingatia idadi ya watu kwa sehemu kubwa, na ambako sensa ya 2009 ilizua ugomvi hadi waziri akatangaza kufuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, raia wa kawaida ana sababu ya kuiangalia tarakimu ya serikali kwa jicho la pembeni.

Sasa tuitazame hali hiyo hiyo kutoka upande wa mkongwe. Yeye hakuwaona wanafunzi kumi na wawili wala chai yao ya saa nne. Alichokiona katika orodha ya mabadiliko ya karibuni ni akaunti yenye umri wa dakika arobaini, ikihariri kwa simu, bila muhtasari wa badiliko, ikiondoa tarakimu moja na kuweka nyingine. Yeyote aliyewahi kulinda kamusi elezo anajua kwamba kubadilisha tarakimu kimyakimya ni uharibifu unaopita bila kuonekana kuliko matusi. Tusi huonekana na kila mtu, lakini tarakimu iliyoguswa inaweza kukaa miaka. Akatengua, akaandika: "Hakuna chanzo." Mgeni akarudisha. Mkongwe akatengua tena: "Tazama sensa." Mgeni akarudisha mara ya pili, safari hii akiweka kiungo cha ukurasa wa shirika moja la misaada. Jibu likaja: "Chanzo hakifai." Maneno sita kwa mara tatu, na kila moja lilikuwa kweli. Hata hivyo hakuna hata moja lililomweleza kijana afanye nini.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kwenda kukaa naye kimya, nilisimama mbele ya darasa nikasema, nusu kwa utani, "Mwenzenu anatenguliwa huku." Nilidhani ninafungua somo. Darasa lilisikia mwito wa kusaidiana, na wanafunzi wawili wakaurudisha uhariri wake kwa zamu, wakitumia intaneti ile ile ya maktaba.

Jambo hilo lilikuwa baya kuliko linavyosikika, kwa sababu ya kitu kilichotokea asubuhi yake. Mifumo ya Wikipedia huruhusu anwani moja ya IP, yaani muunganisho mmoja wa intaneti, kufungua akaunti sita tu kwa siku, ili kuzuia watu wanaofungua akaunti kwa wingi kwa nia mbaya. Mimi nililijua sharti hilo, na ningeweza kuomba mapema liondolewe kwa siku ya mafunzo, au kuwataka wanafunzi wajiandikishe nyumbani, lakini sikufanya lolote kati ya hayo. Sita wa kwanza walipojiandikisha mlango ulifungwa, na waliobaki, bila kuniuliza, wakaanza kuazimana akaunti, jambo ambalo ni marufuku, kwani akaunti moja ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo mkongwe aliona akaunti tatu, zote zimezaliwa asubuhi moja, zikiirudisha sentensi moja ndani ya nusu saa, na moja kati ya hizo ikiandika kama mtu mwenye mikono miwili tofauti. Kwake hiyo ilikuwa picha kamili ya mtu mmoja anayejificha nyuma ya akaunti bandia. Alimwandikia mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka ya kulinda kurasa, na kabla ya saa saba mchana ukurasa ulikuwa umelindwa kwa wiki moja dhidi ya akaunti changa.

Niliandika kwenye ukurasa wa jumuiya siku hiyo hiyo. Nilieleza kwamba kulikuwa na mafunzo, nikataja akaunti zilizohusika kwa idhini ya wenyewe, nikakiri kwamba nyingine ziliazimwa, na nikaomba radhi bila kuitetea sentensi. Kuhusu idadi ya watu wa Kibera sikutia neno, wala sikuthubutu kwenda kwenye ukurasa wa majadiliano kumuunga mkono kijana wangu. Mkufunzi anayemwaga sauti yake upande wa mwanafunzi wake hufanya kile kile ambacho wale wawili walifanya, ila kwa heshima zaidi. Majadiliano hupimwa kwa hoja na vyanzo, na mtu aliyeletwa na rafiki yake kuja kuongeza hesabu ya vichwa huharibu mizani hata akiwa na hoja nzuri.

Mwanzoni mgeni hakunielewa. "Mwalimu, sasa wewe uko upande gani?" aliniuliza wenzake walipokwisha kutoka. Nilimjibu kwamba kabla ya kuchagua upande tusome kwanza, tukafungua historia ya ukurasa.

Ningependa kila mkufunzi aanze hapa, kabla ya kanuni yoyote. Wageni wengi hudhani kwamba kilichotenguliwa kimepotea, na hasira yao nyingi hutoka huko. Nilimwonyesha kwamba kila toleo limehifadhiwa, kwamba anaweza kuweka matoleo mawili bega kwa bega akaona neno kwa neno nini kimeondoka, na kwamba sentensi yake ipo mle ndani na saa na dakika yake. Alipoiona, mabega yalishuka. Kisha nikamwomba arudi nyuma zaidi ya siku hiyo. Tukakuta kwamba "milioni" ilikuwa imeingizwa na watu wengine mara kadhaa katika miaka iliyopita, kila mara bila chanzo, na kila mara mkongwe yule yule ameiondoa. Mara ya kwanza alikuwa ameandika muhtasari wa mistari miwili, wenye adabu na maelezo. Mara ya pili mstari mmoja. Kufikia siku yetu, maneno yalikuwa yamepungua hadi mawili matatu. Kijana akacheka kidogo, akasema, "Kumbe mimi nimekuta tu amechoka."

Sikumsomea kanuni ya nia njema, ile inayomtaka mhariri adhanie mema juu ya mwenzake. Alikuwa amekwisha kuiona.

Kanuni moja tu nilimweleza waziwazi, kwa sababu ilimgusa. Katika Wikipedia ya Kiingereza mhariri haruhusiwi kutengua zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Kila lugha hujitungia taratibu zake, na jumuiya ndogo hazina mabaraza yote ya usuluhishi ambayo Kiingereza kinayo, lakini mantiki ya kanuni hiyo imesambaa kila mahali. Wengi huitafsiri kana kwamba ni posho, yaani kila mtu ana mara tatu za kutumia kwa siku. Sivyo. Mtu anaweza kuzuiliwa kwa kutengua mara mbili kila siku kwa wiki nzima, kwa kuwa kinachokatazwa ni vita vyenyewe. Utaratibu unaopendekezwa ni kuthubutu kuhariri, na ukitenguliwa, kwenda kujadili. Kati ya kutenguliwa na kujadili hakuna hatua ya kurudisha, na mgeni alikuwa ameiongeza mara mbili.

Basi tukafungua ukurasa wa majadiliano. Rasimu yake ya kwanza ninayo bado, kwa kuwa aliiandika kwenye karatasi: "Wewe unakaa wapi? Umewahi kukanyaga Laini Saba? Watu wa Kibera si wajinga, tunajijua tuko wangapi. Acha kutufuta." Nilimuuliza ni sentensi gani kati ya hizo ambayo mkongwe anaweza kuijibu kwa chanzo. Alizipitia na kidole, moja baada ya nyingine, akakuta hakuna. Sentensi mbili zilimhusu mkongwe mwenyewe, mahali anapokaa na alipowahi kufika, na hayo si ya kuulizwa. Wahariri wengi huficha makao yao kwa sababu nzuri, na ukweli wa tarakimu haubadiliki kwa anwani ya anayeiandika. Sentensi ya tatu ilikuwa madai bila ushahidi. Ya mwisho ilimpa mwenzake nia ambayo hakuwa ameionyesha.

Rasimu ya pili ilichukua karibu saa nzima. Ilisema hivi: "Ndugu mhariri, samahani kwa kurudisha badiliko langu bila kujadili, nilikuwa sijajua utaratibu. Nina maswali mawili kuhusu sentensi ya idadi ya wakazi. Kwanza, 170,070 ni ya mwaka gani, na imehesabu eneo gani? Pili, makadirio ya milioni moja yametajwa na wengi kwa miaka mingi. Je, makala inaweza kueleza kwamba yalikuwepo, hata kama sensa haikuyathibitisha?" Akaweka sahihi yake kwa alama nne za mawimbi (~~~~), akafunga kompyuta.

Ninakiri kwamba swali la kwanza lilikuwa bora kuliko nilivyotambua wakati ule. Nilidhani lilikuwa la adabu tu, la kufungua mlango. Kumbe lilikuwa kiini cha mzozo.

Mkongwe alijibu keshoye, kwa kirefu. Tarakimu ilitoka katika sensa ya 2009, alisema, na akakubali kwamba kuiandika bila mwaka, kana kwamba ni idadi ya leo, kulikuwa kosa, na kwamba tanbihi ilipaswa kuwepo. Kuhusu milioni moja alileta hesabu. Eneo la mabanda la Kibera hukadiriwa kuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 2.5 hivi. Watu 170,070 katika eneo hilo ni takriban 68,000 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano ambao tayari ni mkubwa mno. Watu milioni moja wangekuwa 400,000 kwa kilomita ya mraba, katika nyumba ambazo nyingi ni za chini, zisizo na ghorofa. Aliongeza kwamba jiji zima la Nairobi katika sensa hiyo lilikuwa na watu 3,138,369, kwa hiyo milioni moja ingemaanisha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watatu wa Nairobi alikaa Kibera.

Mgeni aliisoma hesabu hiyo mara mbili, akanyamaza. Kisha akafanya jambo linalowapata wageni wengi wenye akili: akataka kuiandika katika makala. "Hii inamaliza kesi," alisema. Ikabidi nimweleze kwamba hesabu ya kawaida, kama kugawa watu kwa eneo, inaruhusiwa, lakini hitimisho kwamba kwa hiyo wote waliosema milioni walikosea ni utafiti wa mhariri mwenyewe mpaka pale chanzo cha kuaminika kitakaposema hivyo. Katika ukurasa wa majadiliano mtu anaweza kutumia hesabu hiyo kupima ni chanzo gani kipewe uzito. Katika makala, hapana. Kizuizi hicho hicho kilikuwa kimemgonga asubuhi ya kwanza kutoka upande wa pili, aliponiambia kwamba makarani wa sensa hawakufika kwenye ploti ya nyanya yake. Ninaamini hawakufika. Ila ushuhuda wa nyanya, hata uwe wa kweli kiasi gani, msomaji wa mbali hana njia ya kuuhakiki. Hili ni jeraha la kweli kwa watu ambao maarifa yao mengi yako mdomoni, na sipendi wakufunzi wanaolipitia haraka kana kwamba ni jambo dogo. Ushuhuda huo unaweza kuingia siku mwandishi wa habari au mtafiti atakapoukusanya na kuuchapisha. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba jibu langu halinifurahishi.

Hoja ya wilaya nane nayo ilijitokeza. Ilikuwa hoja ya kweli, lakini wilaya hizo zilikuwa za kaskazini, na shaka iliyotupwa Mandera huwezi kuiazima ukaitumia Laini Saba. Aliiacha mwenyewe.

Kile kiungo cha shirika la misaada tulikifuata pamoja hadi mwisho. Ukurasa ulikuwa wa kuomba michango. Tarakimu ya milioni ilisimama juu kabisa kwa herufi kubwa, bila mwaka, bila jina la aliyehesabu, na chini yake kitufe cha kutoa fedha. Sidai kwamba walidanganya. Pengine walinakili kwa waliotangulia, nao kwa waliotangulia. Lakini anayenufaika na ukubwa wa tarakimu si shahidi wa kutegemewa juu ya tarakimu hiyo, na kijana, ambaye amewaona watu wa kamera maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kwa ile wiki ya ukurasa kulindwa nilimtaka aendelee kuhariri mahali pasipo na ugomvi. Aliongeza tanbihi katika makala nyingine, ikiwemo ile inayosema reli ilifika Nairobi mwaka 1899, akajaza majina ya vijiji vya Kibera katika ukurasa wake wa mazoezi: Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Silanga, Mashimoni, Makina na vinginevyo. Siku ya tano akaunti yake ilikuwa imekomaa kiasi cha kupita kufuli. Nilimwomba asiguse sentensi ile mpaka wakubaliane, naye akatii, ingawa kwa kunung'unika.

Makubaliano yalipatikana siku ya nane. Sentensi moja iligeuka tatu, na mgeni ndiye aliyeziandika: "Idadi ya wakazi wa Kibera imetajwa kwa namna zinazotofautiana. Kabla ya mwaka 2010 ilikuwa kawaida kutaja makadirio ya kuanzia nusu milioni hadi zaidi ya milioni moja, lakini sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Katika sensa ya 2019 kaunti ndogo ya Kibra, ambayo si mtaa wa mabanda peke yake, ilikuwa na watu 185,777." Kila tarakimu ilipata mwaka wake, eneo lake na tanbihi yake. Mkongwe alibadilisha koma moja, akaandika katika muhtasari: "Asante, imekaa vizuri." Kijana alinitumia picha ya muhtasari huo kwa simu, bila neno lolote.

Hakubadilisha imani yake. Bado anasema sensa iliwapunguza, na mimi sina cha kumpinga wala cha kumuunga mkono. Kilichobadilika ni kwamba sasa sentensi haimlazimu yeye wala mkongwe kusema asichokiamini, kwa kuwa haisemi Kibera ina watu wangapi. Inasema nani alihesabu nini, lini na wapi. Mizozo mingi ya tarakimu niliyoiona, kuanzia ya urefu wa mito hadi ya idadi ya wasemaji wa lugha, ingeisha hapo kama mtu angeuliza mapema kile alichouliza kijana: ya mwaka gani, na eneo gani?

Katika mafunzo yangu nimebadilisha machache. Akaunti hufunguliwa nyumbani siku kadhaa kabla. Ukurasa wa jumuiya hupata taarifa ya tarehe ya mafunzo na orodha ya washiriki, ili mkongwe anayetazama mabadiliko ya karibuni ajue ni akina nani hao. Somo la kwanza ni historia ya ukurasa, na kila mshiriki huandika jambo kwenye ukurasa wa majadiliano kabla ya kugusa makala yoyote. Na mtu akitenguliwa, sitangazi.

Mzozo wenyewe haujaisha kabisa. Mkongwe ameuliza kwa nini watumie tarakimu ya kaunti ndogo, ilhali juzuu la pili la matokeo ya 2019 linagawa idadi hadi ngazi ya kata ndogo. Mgeni amejibu kwamba anaweza kujumlisha kata ndogo, lakini lazima kwanza wakubaliane zipi ni Kibera na zipi si Kibera, kwa sababu jimbo la Kibra, lililomegwa kutoka Lang'ata kabla ya uchaguzi wa 2013, lina wadi tano, na mojawapo ni Woodley, ambako hakuna mtu wa Laini Saba atakayekubali kuiita Kibera. Mkongwe ametaka chanzo cha mpaka. Mgeni amesema anakitafuta. Mimi nimeuondoa ukurasa huo katika maangalizi yangu, yaani orodha ya kurasa ninazofuatilia.